Karela, uwatu na matembezi ya jioni: changanyeni, lakini kwa kipimo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wenye kisukari cha aina ya pili, hasa wale wanaomeza vidonge vya hospitali, wanakunywa maji ya karela au uwatu nyumbani, na jioni wanavaa raba kwenda kutembea. Ni wengi kuliko wanavyohesabiwa, kwa sababu kliniki wengi wao hutaja vidonge tu. Mitishamba hufichwa kwa hofu ya kufokewa. Sisi tunaoandika ni wauguzi, wafamasia na watoa tiba ya viungo, na hatuandiki ili kumkataza mtu. Mmea unaoshusha sukari ni dawa. Mwendo wa miguu nao ni dawa, na kidonge ni dawa. Dawa tatu zinazofanya kazi moja ndani ya mwili mmoja lazima zijuane, na wa kuzijulisha ni mgonjwa mwenyewe, akiwa na daftari na kipimo cha sukari mkononi.

Anayedhani kwamba hospitali inaidharau mimea atazame kidonge chake cha metformin. Asili yake ni mmea uitwao Galega officinalis, uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi. Ndani yake mlipatikana kemikali inayoshusha sukari, ila ilikuwa na sumu kali. Wakemia wakatengeneza ndugu zake walio salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa metformin. Tofauti ya kidonge hicho na bilauri ya karela ni kipimo. Kidonge cha miligramu 500 kina miligramu 500 leo na mwezi ujao. Karela changa na karela iliyokomaa, ya shamba hili na ya shamba lile, iliyosagwa na mbegu na iliyotolewa mbegu, hazina nguvu sawa. Ndiyo maana mtu anayetumia mmea anahitaji kupima sukari mara nyingi zaidi kuliko anayetumia kidonge peke yake. Kwa bahati mbaya, kinachotokea ni kinyume chake.

Tuanze na uwatu, kwa kuwa ndio wenye maelezo yanayoeleweka zaidi. Tafiti nyingi zimetumia gramu 5 hadi 25 za mbegu kwa siku. Gramu 10 ni kama vijiko viwili na nusu vya chai. Ziloweke jioni kwenye bilauri ya maji ya moto, funika, acha hadi asubuhi. Utakuta mbegu zimevimba na maji yameshika ute unaovutika kama wa bamia. Ute huo ndio sehemu kubwa ya dawa: ni nyuzinyuzi zinazolainika majini, zinazokifanya chakula tumboni kiwe kizito kama uji, hivyo wanga huingia kwenye damu polepole. Wanaochuja, wakanywa maji ya juu na kutupa mbegu kwa sababu ya uchungu, wametupa walichokitafuta. Na kwa kuwa kazi yake ni kuchelewesha wanga wa mlo uliopo, uwatu wa saa 12 asubuhi hauwezi kuuzuia ugali wa saa 8 mchana. Kula mbegu pamoja na ute wake karibu na mlo wako mkubwa, kwa maji ya kutosha.

Ute huohuo hunasa pia vidonge na kuvichelewesha. Acha saa 2 kati ya uwatu na dawa yoyote ya kumeza, iwe ya sukari, ya presha au ya tezi. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa wiki nzima, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha kabla hujajua kama unakufaa. Jasho na mkojo vikianza kutoa harufu tamu ya sukari iliyoungua, ni harufu ya uwatu wenyewe. Usidhani sukari imepanda. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse uwatu bila daktari wake kujua.

Karela ina nguvu, lakini si nguvu inayotangazwa. Utafiti uliofanywa Thailand na kuchapishwa mwaka 2011 uliwapa wagonjwa miligramu 2,000 za karela kavu kwa siku kwa wiki 4. Sukari ilishuka, ila kidogo kuliko kwa wale waliopewa miligramu 1,000 za metformin. Tunaona inafaa zaidi ikiwa mboga: ipasue, toa mbegu zote na utando wa ndani, ikate vipande vyembamba, inyunyizie chumvi kwa nusu saa, kisha ioshe vizuri ili chumvi itoke, hasa ukiwa na presha, uipike kwa kitunguu na nyanya bila mafuta mengi. Juisi ya karela mbichi kwenye tumbo tupu ndiyo inayotutia hofu, na tutaeleza sababu. Mbegu zake zina kemikali inayoweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao si wa nadra kwenye maeneo yenye malaria. Mjamzito asitumie karela kama dawa, kwa kuwa huchochea mji wa mimba. Watoto wasipewe kabisa. Wako watoto waliowahi kupata degedege kwa kushuka sukari baada ya kunyweshwa chai ya majani yake.

Mdalasini uko wa aina mbili sokoni. Wa Ceylon ni mwembamba, tabaka nyingi zimesokotana kama sigara ya tumbaku ya majani, na unavunjika kwa vidole. Kasia ni gome moja nene, gumu, lililojikunja kama gamba. Kasia ina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini kwa baadhi ya watu. Kiwango ambacho mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaona mtu anaweza kukipata kila siku bila madhara ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 6, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kinaweza kuzipitisha. Kwenye pilau hakuna tatizo. Anayelamba vijiko viwili kila asubuhi kwa miezi atumie wa Ceylon, au apunguze. Unga uliokwisha kusagwa huwezi kujua ni upi; nunua magome usage mwenyewe.

Habasoda ilipimwa Saudi Arabia kwa wagonjwa 94 waliogawanywa kwenye gramu 1, 2 na 3 kwa siku, juu ya vidonge vyao vya kawaida. Gramu 2 ndizo zilizoshusha sukari vizuri, na 3 hazikuongeza faida. Hili ni la kulishika: kuzidisha mmea hakuzidishi kupona. Kuhusu zambarau, unga wa mbegu zake unasifiwa sana pwani, lakini tafiti za Brazil za chai ya majani ya mmea huohuo hazikuona sukari ikishuka. Mlonge ni mboga nzuri. Ule kama mboga. Mwarobaini kwa miezi mfululizo hatuushauri, kwa ajili ya ini na figo. Shubiri yenye maji ya manjano huharisha na kumaliza potasiamu mwilini, na moyo haupendi hivyo. Majani ya mstafeli yana kemikali inayohusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa ulioonekana kisiwani Guadeloupe, kwa hiyo chai yake ya kila siku tunaikataa bila kusitasita.

Kabla ya kuacha mimea, kuna jambo dogo linaloharibu kazi yote: asali. Wauzaji wengi huagiza unga uchanganywe na asali ili uchungu upungue. Kijiko kimoja cha mezani cha asali kina gramu 17 za sukari. Vijiko viwili asubuhi na viwili usiku ni karibu gramu 70, sawa na soda mbili za chupa ndogo. Hakuna uwatu wala karela itakayoibeba sukari hiyo. Uchungu umezwe hivyohivyo, au uchanganywe na mtindi usio na sukari.

Sasa mazoezi. Msuli unaofanya kazi hufungua mlango wake na kuvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ni kidogo au haisikiki. Mlango huo hauji kufungwa mara unapokaa. Athari ya matembezi mazuri hudumu kwa saa 24 hadi 48. Ndiyo sababu ya kanuni ya dakika 150 kwa wiki bila kupitisha siku mbili mfululizo za kukaa. Anayesubiri Jumamosi akimbie saa mbili na nusu kwa mpigo anapata siku mbili za faida na siku tano za hasara, na mara nyingi goti linalouma.

Muda wa kutembea una uzito kama urefu wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya wagonjwa 41 waliotembea dakika 10 baada ya kila mlo, wakilinganishwa na dakika 30 za mara moja kwa siku. Sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kwa wastani, na baada ya chakula cha usiku kwa asilimia 22. Kwetu chakula cha usiku ndicho kizito, wali au ugali, kisha kochi na taarifa ya habari. Basi inuka ndani ya nusu saa baada ya kunawa. Barabara ikiwa na giza au mashimo, zunguka uani au tembea barazani kwenda na kurudi. Kasi inayotakiwa ni ile unayoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mara mbili kwa wiki ongeza kazi ya misuli: keti kwenye kiti imara na kuinuka bila kushika, mara 10, pumzika, rudia mara 3, sukuma ukuta kwa mikono mara 10, vivyo hivyo, nyanyua chupa za maji za lita moja na nusu, ambazo ni kilo moja na nusu kila moja. Usibane pumzi unaponyanyua. Mwenye macho yanayovuja damu kwa ndani au presha isiyotulia asinyanyue vizito hadi daktari amwone. Wakati wa Ramadhani, rakaa za Tarawehe zihesabiwe kuwa mazoezi. Usiongeze matembezi marefu juu yake.

Hapa ndipo ilipo hatari tuliyoiahidi. Mtu ana umri wa miaka 60 na ushee, anatumia glibenclamide ya miligramu 5. Saa 12 asubuhi anakunywa bilauri ya juisi ya karela kwenye tumbo tupu, anameza kidonge chake, anaenda kutembea saa nzima, akinuia kula saa 3 atakaporudi. Glibenclamide inaisukuma kongosho itoe insulini, iwe umekula au hujala. Karela inaongeza kushusha. Misuli nayo inavuta. Akiba ya sukari kwenye ini ni ndogo kwa kuwa usiku kucha hakula. Kila kimoja peke yake kingestahimilika, lakini saa 2 na nusu anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unakwenda mbio, maneno hayafuatani. Wapita njia wanadhani amelewa. Anayetumia atenolol au propranolol kwa presha huenda asitetemeke wala kusikia moyo ukienda mbio. Atabaki na jasho na kuchanganyikiwa tu.

Metformin peke yake si kawaida kumfikisha mtu hapo. Glibenclamide na insulini ndizo za kuangaliwa, kwa hiyo jua jina la dawa yako. "Kile kidonge cheupe" hakitoshi. Anayetumia mojawapo ya hizo mbili apime kabla ya mazoezi. Sukari ikiwa chini ya 5.0 (namba zote za hapa ni mmol/L), ale kwanza kitu chenye gramu 15 za wanga, kama ndizi mbivu ndogo. Ikiwa juu ya 13.9 na anajisikia vibaya, ana kichefuchefu au mkojo una ketoni (tindikali zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini), asifanye mazoezi; aende kituo cha afya. Anayejidunga insulini asijidunge kwenye paja muda mfupi kabla ya kutembea, kwa kuwa msuli unaofanya kazi huivuta haraka. Matembezi marefu ya alasiri yanaweza kuishusha sukari usiku wa manane, basi siku hiyo pima kabla ya kulala.

Dalili zikianza, usisubiri kipimo kama hakipo karibu. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida, mililita 150. Soda isiyo na sukari haifai. Chokoleti inachelewa kwa sababu ya mafuta yake. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 3.9, rudia. Ikipanda, kula mlo. Aliyezimia asitiliwe kitu mdomoni, kitaenda mapafuni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Na aliyeshuka sukari kwa glibenclamide aende hospitali hata kama ameamka na anacheka, kwani dawa hiyo hudumu mwilini hadi saa 24, zaidi kwa mwenye figo dhaifu, na sukari inaweza kuzama tena baada ya saa chache.

Miguu nayo ina neno. Mwenye ganzi hasikii jiwe ndani ya kiatu. Kabla ya kuvaa, pindua kiatu ukikung'ute, pitisha mkono ndani. Ukirudi, tazama nyayo kwa kioo kidogo, katikati ya vidole pia. Lengelenge lisipasuliwe, na mguu wenye kidonda usitembezwe. Fanya mazoezi ya kuketi hadi kipone. Kandambili si kiatu cha mazoezi.

Utajuaje kama mmea unakufaa? Usianze vyote pamoja. Anza na matembezi, wiki 4, bila mmea mpya. Pima mara nne kwa wiki: asubuhi mbili kabla ya kula, na mara mbili saa 2 baada ya chakula cha usiku. Andika namba, ulichokula, na dakika ulizotembea. Kisha ongeza mmea mmoja, kiasi kilekile, wakati uleule, wiki 4 nyingine, bila kubadilisha chakula. Linganisha kurasa. Kama namba za asubuhi zilikuwa 9 na sasa ni 9, mmea huo haukufanyi kitu, hata kama jirani umemsaidia. Kama zimeshuka na kukaa kati ya 4.4 na 7.2, peleka daftari kliniki. Huenda ni wakati wa kupunguza glibenclamide, na anayepunguza ni daktari baada ya kuona namba. Baada ya miezi 3 kipimo cha damu cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi hiyo, kitathibitisha. Mwenye sikoseli au upungufu mkubwa wa damu amweleze mpimaji, kwa kuwa kipimo hicho humdanganya. Anayesubiri upasuaji aache mitishamba wiki 2 kabla. Na anayetumia insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza asipunguze hata yuniti moja kwa sababu ya mmea: mwili wake hautengenezi insulini, na hakuna jani linaloitengeneza.

Mwisho ni kwa wauzaji, na kwako Mhariri. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 walifikishwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya, na 4 wakafa. Walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume, zikiwemo zilizouzwa kama za asili, ambazo zilichanganywa glibenclamide kwa siri. Unga unaoshusha sukari kwa kishindo ndani ya siku mbili unapaswa kutiliwa shaka hiyohiyo. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake la kusajili dawa na watoa huduma. Mnunuzi ana haki ya kuuliza namba ya usajili. Tunawaomba wauzaji waandike kwenye chupa jina la mmea, sehemu iliyotumika kama ni jani, gome au mbegu, gramu kwa kijiko, na tarehe ya kusagwa. Tunaliomba gazeti lako, linapopokea tangazo la dawa inayoahidi kuponya kisukari kwa siku 21 na kumwambia mgonjwa atupe vidonge, lidai mambo hayo manne na namba ya usajili kabla ya kulichapisha.

Wauguzi, wafamasia na watoa tiba ya viungo wa kliniki ya kisukari,
Dar es Salaam